Tiketi ya saa 12:30 ilivyonifunza Kiswahili upya ugenini

MAJUZI nilialikwa na rafiki yangu wa miaka mingi kuwahutubia wanafunzi wa chuo kimoja mjini Morogoro, Tanzania. Mada ilikuwa umoja wa Kiswahili katika Afrika Mashariki. Niliikubali bila kusita. Mtu aliyefundisha lugha hii kwa zaidi ya miaka thelathini ataogopa nini kwa majirani? Sikujua kuwa safari yenyewe ingeivuruga hotuba yangu kabla sijaitoa.

Vituko vilianza Dar es Salaam. Kijana wa bodaboda aliniamkia kwa "shikamoo" safi, nami nikafurahi, maanake kwetu bara ni nadra kijana nisiyemjua kuniamkia hivyo. Tulipofika nikamuuliza nauli. "Buku mbili tu, mzee." Mkobani nilikuwa na vitabu vya kuwatunuku wenyeji wangu, na kwa vijana wetu wa Nairobi buku ni kitabu. Nikamwambia vitabu vile si vya kuuzwa. Aliutazama mkoba, akanitazama mimi, kisha akaangua kicheko. Kumbe mitaani kwao buku ni shilingi 1,000!

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa la tiketi. Jioni hiyo nilikata tiketi ya basi kwenye kituo cha Mbezi. Karani akaandika kwa kalamu: kesho, saa 12:30. Nikapiga hesabu. Morogoro ni takriban kilomita 200, basi huchukua kama saa nne, na hotuba ni saa kumi na moja jioni. Ningefika na kupata hata nafasi ya kunawa uso. Kesho yake nikawa kituoni saa sita kasorobo, nikijisifu kwa kuwahi. Karani akaisoma tiketi mara mbili.

"Baba, basi hili limeondoka tangu asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu!"

Kweli, angeongeza neno "asubuhi" angeniokoa. Hata hivyo, yeye aliandika kama anavyosema. Mwenye kosa nilikuwa mimi. Sisi Wakenya tuna mazoea ya ajabu: kinywani tunahesabu saa kwa Kiswahili, ilhali kwenye karatasi na kwenye simu aghalabu tunaziandika kwa Kiingereza. Tukiona 12:30 tunatamka "saa sita unusu" bila kutambua kwamba tumetafsiri. Hesabu ya Kiswahili hufuata jua. Karibu na ikweta, jua huchomoza na kutua takriban wakati ule ule mwaka mzima, kwa hivyo saa moja ni kukamilika kwa saa ya kwanza ya mchana, na saa kumi na mbili jioni ni mchana kwisha. Waethiopia nao huhesabu vivyo hivyo. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa nimeisoma tiketi ya Kiswahili kwa Kiingereza.

Basi lililokuwa na nafasi lilikuwa la saa nane. Nikaenda kwa mama lishe aliyekuwa karibu kupoza machungu. "Nipe chai," nikasema. Alinyamaza kidogo, kisha akanimiminia chai isiyo na maziwa, ile tunayoiita sturungi. Kwao hiyo ni chai ya rangi, nami sikuwa nimetaja maziwa. Mara akaingia kijana mmoja. "Shikamoo, mama. Naomba chai ya maziwa na chapati mbili." "Marahaba, mwanangu," akajibiwa kwa tabasamu. Hapo nikaelewa kimya kile.

Kisarufi, "nipe chai" haina kasoro yoyote. Ni kitenzi katika hali ya kuamrisha, tena kimenyambuliwa vizuri. Lakini lugha si sarufi pekee. Kuna pragmatiki, yaani nani anamwambia nani, wapi, na kwa adabu gani. Nairobi, mteja husema "nipe", "leta" au "nataka" na asimkwaze mtu. Kule, mteja huomba hata kile anacholipia. Nikameza fahari yangu: "Samahani, mama. Naomba uniongezee maziwa." Akacheka. "Umetoka Kenya, eeh? Karibu sana, baba." Akaniongezea na andazi la bure.

Mwaka wa 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kuwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Usanifishaji ulitupa tahajia moja na sarufi moja. Haukutupa namna moja ya kuagiza chai, wala ya kuandika saa. Hayo hujifunzwa kwa kutembea, na mara nyingine kwa kuaibika.

Nilifika Morogoro saa moja kasoro. Zaidi ya nusu ya wanafunzi walikuwa wamekata tamaa na kuondoka, na hilo liliniuma kuliko nauli niliyopoteza. Nikaikunja hotuba niliyoandaa kwa majuma mawili, nikawasimulia waliosalia habari za buku, tiketi na chai. Walicheka hadi wakatokwa na machozi. Binti mmoja akainua mkono: "Sasa, Profesa, Kiswahili ni kimoja au ni vingi?" Nikamjibu kuwa sarufi ni moja, ila nyumba ni nyingi, na kila nyumba ina hodi yake. Nilikuwa nimeingia bila kubisha.

Siku ya kurejea nilikwenda mwenyewe kukata tiketi ya Dar es Salaam. Karani, msichana wa makamo ya bintiye ndugu yangu, akaandika: saa 1:00.

"Naomba kuuliza, mwanangu. Asubuhi au usiku?"

"Asubuhi, baba. Jua likishachomoza."

Saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa nimeshaketi kituoni, nikisubiri na chai yangu ya maziwa.