Fahamu: Kwa nini ripoti za mauaji ya Ouko hazikubaliani?

Ali Kibao, kada wa chama cha Chadema nchini Tanzania, alipouawa Septemba 2024, ubishi ulizuka: nani achunguze, Polisi au chombo huru? Anayeongoza mjadala huo Kibaha au Kisarawe ana kesi ya jirani ya kujifunzia.

Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, alitoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990. Mwili wake, ukiwa umeungua na wenye jeraha la risasi kichwani, ulikutwa kwenye kilima cha Got Alila.

Wachunguzi walisemaje?

- Awali ilidaiwa alijiua.
- John Troon wa Scotland Yard (polisi wa Uingereza): aliuawa.
- Tume ya Jaji Gicheru: iliundwa 1990, Rais Moi akaivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza.
- Kamati ya Bunge ya Gor Sunguh: ilianza 2003, Bunge likaikataa ripoti yake 2010.

Mahakamani je?

Jonah Anguka, mkuu wa wilaya, alishtakiwa kwa mauaji hayo, akaachiwa huru 1994. Hakuna aliyetiwa hatiani.

Mwongozaji afanyeje?

Kila anayenukuu ripoti aulizwe: nani aliiagiza, na je, ilikamilika? Kutajwa kwenye ripoti si hukumu.