Kuvu inayoangamiza kayongo yafuatiliwa udongoni

Mkulima wa Busia, Siaya au Homa Bay anapoona maua ya zambarau yakichomoza kati ya mahindi yake, huwa tayari amechelewa. Gugu hilo, Striga kwa wataalamu na kayongo kwa Waluo, huharibu likiwa bado ardhini. Mbegu yake huhisi kemikali itokayo kwenye mzizi wa mhindi, ikaota, ikajishikiza humo na kufyonza maji na virutubisho. Mmea mmoja huangusha maelfu ya mbegu, ndogo mithili ya vumbi, ziwezazo kudumu udongoni zaidi ya miaka 10. Kung'oa, basi, ni kuchelewa mara ya pili.

Ndiyo sababu watafiti waligeukia kuvu ya jamii ya Fusarium inayoshambulia kayongo na kuyaacha mahindi. Magharibi mwa Kenya, kijiti cha meno chenye kuvu hiyo hutiwa katika wali uliopoa. Baada ya siku chache wali huenea kuvu, na mkulima huweka donge dogo katika kila shimo la mbegu. Majaribio katika mashamba ya wakulima 500, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, yalionyesha mavuno yakiongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Mnamo 2021 bidhaa hiyo iliidhinishwa nchini kwa jina Kichawi Kill.

Lakini ikishafukiwa, kuvu hiyo huendaje? Swali hili si la bure, kwani jamaa zake wa karibu ndio wanaonyausha migomba na nyanya, na hata kwa darubini ni vigumu kuwatenganisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, walitafuta katika DNA alama ya kuitambulisha kuvu ya kayongo pekee. Aina waliyoifuatilia, Foxy-2, asili yake ni Ghana, nayo ilijaribiwa katika udongo wa magharibi mwa Kenya. DNA yote hutolewa katika udongo kidogo, kisha alama hiyo tu ikahesabiwa. Aidha, walichunguza iwapo viumbe wadogo wanaobadilisha naitrojeni udongoni walidhurika, wakagundua kwamba aina ya udongo na msimu viliwaathiri zaidi kuliko kuvu.

Kwa mkulima, faida ni hii: kayongo ikirudi, vipimo vyaweza kuonyesha kama kuvu ilikufa kabla ya kazi, au ilikuwapo ikashindwa.