Je, Wajua? Mto Huacha Nyayo

Mwishoni mwa miaka ya 1940, ndege za Lancaster za jeshi la anga la Uingereza, za aina ile ile iliyodondosha mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, ziliruka juu ya Afrika Mashariki zikipiga picha za kuchorea ramani. Leo picha hizo ni hazina kwa wanaochunguza mito inayohamahama kama Tana wa Kenya. Huzilinganisha na picha mpya kwa kutumia vitu visivyohama: mwamba, njia panda, jengo la kale. (Mti wa ukingoni haufai, Tana huubeba.) Kisha huchora kingo za mto katika picha zote mbili na kupima mto umesogea kiasi gani. Viziwa vyenye umbo la mwezi mwandamo ni kona za zamani ambazo mto ulizikata na kuzitelekeza.

Mtego mmoja: picha ya kiangazi ukiilinganisha na ya masika, utadhani mto umepanuka, kumbe umejaa tu.

Hata hivyo, badiliko kubwa la Tana halimo kwenye picha yoyote. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa kwa mikono karne ya 19, uliuelekeza mto hadi Kipini, pwani, kabla ndege hazijabuniwa.