Mzazi, wewe unasoma kitabu gani?

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, ni mara nyingi tumekumbushana katika mimbari kwamba wahyi ulianza kwa amri ya kusoma. Tumewahimiza vijana, tumewalaumu, na pengine tumewatisha. Lakini nakiri mbele yenu kwamba maneno hayo nimeyahubiri kwa miaka mingi msikitini, na nyumbani kwangu nikayasahau. Watoto wangu wameniona na vitabu mkononi tangu walipopata akili, wala sikumbuki kuwaeleza hata mara moja mna nini ndani yake. Kwao wao, kitabu cha baba kilikuwa ni kitu cha kufuta vumbi na kurudisha mahali pake.

Usiku mmoja, baada ya swala ya Isha, nilibisha hodi chumbani kwa binti yangu anayesoma sekondari. Nilipoingia, nikamwona anasukuma kitu chini ya mto. Nilidhani ni simu. Nilipomuuliza alitoa kitabu, akainamisha kichwa, akasema: "Nisamehe, baba. Ni riwaya. Nilijua utakasirika."

Neno lile lilinichoma. Mtoto wangu mwenyewe anaficha kitabu kama anayeficha kosa, na anayemficha ni mimi, ninayewahimiza watoto wa wenzangu wasome!

Kitabu chenyewe kilikuwa Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikachapishwa mwaka 1994, na mwaka 2022 kikatoka kwa Kiswahili kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nikavuta kiti, nikamwambia: "Nisimulie, mwanangu." Akanisimulia habari za Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake alishindwa kulipa deni, akamtoa kwa tajiri mfanyabiashara. Mtoto alikuwa akimwita tajiri yule mjomba, akidhani anakwenda kutembea tu. Kumbe yeye ndiye malipo. Binti yangu alikuwa amekwisha tambua kwamba mwandishi amejenga kisa chake juu ya kivuli cha kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), nasi tukakaa tukitazama wapi vinafanana na wapi vinaachana. Kwa nusu saa ile nilimfahamu binti yangu zaidi kuliko katika mwaka mzima wa kumuuliza matokeo ya mitihani.

Kisha naye akaniuliza: "Na wewe baba, unasoma nini?"

Nilikuwa nikirudia Rihla, kitabu cha safari za Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tangier aliyepita katika pwani yetu takriban mwaka 1331 Miladia. Alipitia Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, akafika Kilwa. Miaka mingi baadaye, aliporejea Morocco, simulizi zake ziliandikwa na Ibn Juzayy. Nikamsimulia binti yangu kisa ambacho kila mwenyeji wa pwani angepaswa kukijua. Sultani wa Kilwa zama hizo, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa akiitwa Abul Mawahib, yaani mwenye vipaji vingi, kwa sababu ya ukarimu wake. Siku ya Ijumaa, Ibn Battuta akiwapo, Sultani alitoka msikitini, na fakiri mmoja kutoka Yemen akamzuia njiani, akamwomba nguo alizovaa, tena papo hapo. Sultani akarudi, akaingia katika nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akampa fakiri zile alizozivua. Watu wakamshukuru kwa unyenyekevu wake. Mwanawe aliyekuwa mrithi wake akazichukua nguo zile kwa fakiri, akamfidia kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nilitaraji binti yangu astaajabu kwa ukarimu ule. Yeye akauliza: "Na hao watumwa, baba, walikuwa watoto wa nani?"

Nilinyamaza. Kisa hiki nimekisimulia mimbarini mara kadhaa, na kila mara nimekikomesha pale Sultani anapovua nguo. Watumwa wale nilikuwa nikiwaruka, si kwa kusudi la kuficha, bali kwa sababu jicho limezoea. Ilhali Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba Sultani yule alikuwa akivamia nchi za jirani na kuchukua ngawira, na akitenga khumsi, yaani fungu moja katika matano, kwa matumizi yaliyowekwa na sheria. Basi swali la mtoto lilikuwa na mahali pake kitabuni. Alilipata kwa kuwa alikuwa ametoka kusoma habari za Yusuf, mtoto aliyelipiwa deni.

Nikamjibu ninayoyajua: kwamba kumwacha huru mtumwa ni katika ibada kubwa, kwamba zaka ina fungu lake kwa ajili hiyo, na kwamba kafara za makosa kadhaa ni kumkomboa mtumwa. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Basi mbona Sultani mkarimu hakuwaacha huru?" Nikamwambia kweli, kwamba sina jibu la kumpa usiku ule. Tangu hapo nimekirudia kisa kile kwa macho mengine, na sitakisimulia tena nusu nusu.

Ndugu zangu, hii ndiyo faida ya kuambizana tunachosoma. Anayesoma peke yake hubaki na anachokiona yeye tu. Wazee wetu walilijua hilo. Ukisoma Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, cha Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912–1982), utaona jinsi anavyotaja nani alisoma kwa nani. Kitabu kilikuwa na sauti, mwalimu, na mwenzako anayesikiliza. Leo tumebaki na kabati yenye kioo na ufunguo.

Nasaha yangu ni nyepesi. Chagueni wakati mmoja katika wiki, mathalani baada ya chakula cha mchana siku ya Ijumaa, kila mtu aseme anasoma nini na kimempendeza nini. Mzazi aanze, na aseme kweli; kama wiki hiyo hakusoma kitu, akiri. Msifanye mtihani, wala mtoto asikatizwe kwa kusahihishwa. Akileta kitabu mnachokitilia shaka, kisomeni kwanza, kisha zungumzeni naye. Kitabu kibaya kikisomwa mbele ya wazazi, mtoto ana wa kumwongoza. Kikisomwa chini ya mto, hana.

Nimalizie palepale Kilwa. Ibn Battuta anasema Sultani yule alipofariki, alitawala ndugu yake Daud, ambaye hakuwa na tabia ile. Mwombaji akimjia, humwambia kuwa aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha cha kutolewa. Nimeshuhudia maneno hayo yakitimia katika nyumba za watu wa elimu. Mzee hufariki na sanduku la vitabu, na watoto wake hawajui hata kimoja kinazungumzia nini, kwa kuwa hakuwahi kuwaambia. Baada ya mwaka vingine vimeliwa na mchwa, na vingine vimefungiwa karanga sokoni. Watoto wale huwalaumu watu bure. Wao walirithi karatasi tu.

Basi leo, baada ya swala, rudi nyumbani ukaulize, nawe uwe tayari kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.