Springi Mpya? Pima Magurudumu ya Mbele

Wamiliki wengi wa magari ya zamani, kama Peugeot 504, huyaongezea springi nzito ili yahimili mizigo na barabara za vumbi. Mwananchi, fahamu kwamba springi za mbele zikibadilishwa, mwelekeo wa magurudumu hubadilika pia. Tairi huliwa upande mmoja, na gari huvuta kando dereva anapofunga breki.

Unaweza kupima nyumbani kwa futi ya utepe na chaki:

1. Egesha gari mahali tambarare na ujaze tairi upepo unaofaa. Kiungo cha usukani kikilegea, kibadilishe kwanza.

2. Nyoosha usukani. Tia alama katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwa kimo cha ekseli. Pima kati ya alama hizo mbili.

3. Sukuma gari mbele hadi alama zifike nyuma kwa kimo kile kile. Pima tena.

4. Linganisha tofauti na kipimo cha kitabu cha gari. Katika magari mengi ya zamani, mbele huwa pafupi kwa milimita chache.

5. Rekebisha tairodi za kushoto na kulia kwa kiasi sawa, sukuma gari, upime upya, kisha kaza nati.

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Njia hii haipimi mwinamo wa magurudumu. Hilo ni kazi ya gereji yenye mashine. Sheria ya Trafiki, Sura 403, inataka gari liwe salama kabla ya kuingia barabarani.