Ushuru wa Nyumba za Kukodisha: Yampasayo Mwanachama Kuyajua

Vyama vyetu vingi nchini Kenya vimewapa wanachama mikopo ya kujenga, na leo mwanachama aliyeanza na chumba kimoja uani kwake ana vitatu au vinne. Vingine amempa mpangaji wa mwezi, vingine hupokea wageni wa siku mbili tatu. Hayo ni maendeleo ya kufurahisha. Lakini pamoja na mapato huja wajibu wa kuyatangaza, na asiyeujua aweza kujikuta akilipa faini kwa fedha alizokusudia kurejeshea mkopo. Hasara hiyo haiishii kwake peke yake. Hurudi chamani kwa sura ya deni lisilolipika.

Ili maneno yasichanganyike, katika makala hii "kodi" ni fedha alipazo mpangaji kwa mwenye nyumba, na "ushuru" ni fedha ziendazo Serikalini.

Mpangaji wa Mwezi

Tangu Januari 2016 kuna ushuru maalumu wa kila mwezi juu ya kodi za nyumba za kuishi. Hapo awali ulikuwa asilimia 10. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Humhusu mkaazi wa Kenya, awe mtu au kampuni, ambaye kodi azipatazo kwa mwaka huzidi shilingi 288,000, yaani shilingi 24,000 kwa mwezi, na hazipiti shilingi milioni 15. Asiyefikia kiwango cha chini hatozwi ushuru huu wa mwezi, lakini haina maana kwamba anyamaze: mapato hayo huyaonyesha katika taarifa yake ya mwaka pamoja na mapato yake mengine. Aliyepita milioni 15 naye hufuata utaratibu wa mwaka.

Yapasa ieleweke kwamba ushuru huu hutozwa juu ya kodi yote, bila kutoa gharama yoyote. Tuchukue mfano wa mwanachama apataye shilingi 30,000 kwa mwezi. Ushuru wake ni shilingi 2,250. Iwapo mwezi huo ametumia shilingi 8,000 kutengeneza paa na kulipa chamani riba ya shilingi 6,000, ushuru wake ni ule ule shilingi 2,250. Akiisha kuulipa, mapato hayo hayatozwi tena ushuru wa mapato.

Kwa mwenye gharama chache huu ni utaratibu mwepesi. Kwa yule ambaye riba ya mkopo na matengenezo humeza sehemu kubwa ya kodi, huenda ukawa mzito. Sheria imemwachia mlango: aweza kumwandikia Kamishna kwamba achagua kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambao huruhusu gharama halali kutolewa kwanza. Mweka hazina wa chama amsaidie kupiga hesabu za njia zote mbili kabla ya kuandika barua hiyo.

Tarehe 20

Taarifa huwasilishwa na ushuru hulipwa kupitia iTax, kwa namba ya PIN ya mwenye nyumba, kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya Machi hutangazwa kufikia tarehe 20 Aprili. Mwezi ambao nyumba ilikaa tupu nao hutolewa taarifa, ikionyesha kwamba hapakuwa na mapato. Hapa ndipo wengi hujikwaa, wakidhani kwamba pasipo kodi hapana taarifa.

Mtu anayechelewesha taarifa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kwa kufuata iliyo kubwa zaidi; kampuni huanzia shilingi 20,000. Anayechelewesha malipo huongezewa asilimia 5 ya ushuru, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi.

Mgeni wa Siku Chache

Ushuru tuliokwisha kuueleza ni wa nyumba za kuishi. Anayepokea wageni kwa usiku, akawatandikia vitanda na kuwafulia mashuka, yu karibu zaidi na mwenye hoteli kuliko mwenye nyumba ya kupanga. Sheria ya ushuru wa ongezeko la thamani, yaani VAT, imesema wazi kwamba hoteli na malazi ya likizo si nyumba ya kuishi. Kwa hiyo kodi ya mpangaji wa kawaida haina VAT, bali malazi ya wageni huweza kuwa nayo: mwenye mauzo yanayofikia shilingi milioni 5 kwa mwaka hulazimika kujiandikisha na kutoza asilimia 16.

Basi asidhani mwenye vyumba vya wageni kwamba asilimia 7.5 imemaliza deni lake. Apate jibu la ofisi ya ushuru kwa maandishi, na wakati huo atunze hesabu zake kama za biashara. Tena ahesabu kile alicholipa mgeni, si kile kilichomfikia mkononi. Mgeni akilipa shilingi 48,000, na kampuni ya mtandao iliyomleta ikikata 7,200, mapato ni 48,000, na hizo 7,200 ni gharama. Malipo ya benki na ya simu huacha alama. Hesabu isiyolingana nayo humletea mwenyewe mashaka.

Hesabu Zitunzwe

Kila mwanachama awe na daftari lenye tarehe, jina la mpangaji au mgeni, siku alizokaa, fedha alizolipa na gharama zilizotumika, pamoja na stakabadhi zake. Sheria yadai kumbukumbu hizo zihifadhiwe kwa miaka mitano.

Twaziomba kamati za vyama ziisome makala hii mikutanoni, na kila mwombaji wa mkopo wa nyumba ya kukodisha aonyeshwe, kabla ya kutia sahihi, fungu la ushuru katika makadirio yake. Mkopo uliopimwa bila ushuru haukupimwa sawasawa.