Kioo Kilicho Mbele ya Sensa

Fundi mzuri wa simu hubadilisha kioo, betri na hata tundu la chaji, kwa hiyo ni haki mtu kuuliza kwa nini kamera inayotia madoa kwenye picha asiifungue mwenyewe. Jibu linaanzia kwenye jambo ambalo wengi hawalijui: kile kinachometameta ndani ya kamera ukiondoa lenzi si sensa yenyewe. Ni filta, kioo kinachozuia miale ya infraredi isiharibu rangi, na vumbi hutua juu ya kioo hicho. Kulipuliza kwa kipulizio cha mpira, au kukipangusa kioo kwa kitambaa na kimiminika maalumu, ni usafi tu, na mwenye mkono mtulivu anauweza. Kioo chenyewe kikiharibika, hapo ni kazi nyingine kabisa.

Leica M9 iliyotoka mwaka 2009 inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mtangulizi wake, M8 ya mwaka 2006, ilikuwa na filta dhaifu hata nguo nyeusi za nailoni zikatoka zambarau, na kampuni ikalazimika kuwapa wateja filta za kufunga mbele ya lenzi. Kwa M9 ikachaguliwa filta yenye nguvu zaidi, nyembamba ya milimita 0.8, kwa kuwa lenzi za kamera hizo hukaa karibu na sensa na mwanga hufika kwenye kona ukiwa umelala. Miaka michache baadaye kioo hicho kikaanza kuliwa na unyevu. Madoa yake hayakufutika kwa kusafisha, na kwa vile kioo kilikuwa kimeunganishwa na sensa, Leica ilibadilisha sensa nzima.

Ugumu hasa uko kwenye vipimo. Mwanga hujipinda unapopita kwenye kioo, na mahali picha inapokuwa kali husogea nyuma kwa takriban theluthi ya unene wake. Ondoa kioo cha milimita 2, na ukali unahama zaidi ya nusu milimita, ilhali pikseli moja ya M9 haifiki hata maikromita 7. Kamera isiyo na kioo cha kuakisi inaweza kujirekebisha, maana hupima ukali kwenye sensa yenyewe. Lakini sensa ikirudishwa imeinama kidogo tu, upande mmoja wa picha utakuwa mkali na mwingine hafifu, na hakuna programu ya kuinyoosha.

Wapo watakaosema kwamba wapiga picha za nyota huziondoa filta hizi kila siku. Ni kweli, wanautaka mwanga mwekundu wa haidrojeni ambao filta huupunguza sana. Ila wao hurekebisha ukali kwa mkono, wakiitazama nyota moja kwenye skrini, kwa hiyo kosa la unene haliwadhuru kama linavyomdhuru mpiga picha wa harusi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba watengenezaji wanalinda mapato yao. Hapo nakubali kwa sehemu kubwa: karakana huru zimeweza kubadilisha kioo cha M9 na kuiacha sensa ile ile. Zilifanya hivyo kwa vifaa na mazingira safi ambayo meza ya nyumbani haina, lakini zilithibitisha kwamba filta inabadilishika, na kwamba mteja ana haki ya kuiuliza kampuni, kabla ya kununua, kama inaiuza peke yake.